Ndugu Ambaye Karatasi Hazimjui

Ninaikumbuka vizuri asubuhi niliyovuka feri kwenda kutafuta ushahidi wa kumfedhehesha mwanamke aliyenilisha nikiwa mchanga. Sikujua kuwa alinilisha. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, nimevaa shati la mikono mirefu, na moyoni nimekwisha kukata hukumu. Mwanangu, kaa nikueleze, kwa sababu juzi mjukuu wangu Mwanaidi amenirudisha kwenye asubuhi ile bila kukusudia.

Mwanaidi ameingiwa na hamu ya kutafuta asili ya ukoo wetu. Ni jambo zuri. Huenda kwenye ofisi za kaunti akaulizia viwanja vya zamani, akaulizia makaburi, kisha hurudi hapa kwetu Shika Adabu, Likoni, na nakala zake akazitandaza mkekani. Ijumaa iliyopita aliinamia karatasi hizo, akatupa jicho nje barazani alikokaa mzee mwenzangu Salimu akingoja chai, akaninong'oneza.

"Babu, huyu Babu Salimu hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Humu. Si upande wa baba yako, si wa mama yako. Na kila Ijumaa yuko hapa, ala pilau yetu na kukuita ndugu. Hana jicho na kiwanja chetu huyu?"

Nilicheka, kisha nikamtazama tena. Mtazamo aliomtupia Salimu naujua. Ulikuwa wangu kabla ya kuwa wake.

Nilipokuwa na umri kama wake nilimposa msichana wa Mtongwe aitwaye Rukia. Posa ilikubaliwa, mahari yakapelekwa, na shangazi yangu akaanza kuwaalika watu. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki nikiwa mdogo, na shangazi huyo ndiye aliyekuja kutoka Matuga kunilea, kwa hiyo mambo ya uchanga wangu hakuyajua. Ikawa hivi: habari za harusi zilifika hadi Kisauni, na kutoka huko akaja mama mmoja tuliyemsikia kwa jina tu, Bi Mwanasiti. Zamani alikuwa jirani ya mama yangu. Hakunywa hata maji. Alimwambia shangazi: "Harusi hii haifai. Athumani wako nilimnyonyesha mimi, mamake alipopatwa na homa ya uzazi. Na Rukia pia nilimnyonyesha. Hawa ni ndugu."

Wewe wajua dini yetu. Watoto walionyonyeshwa na mwanamke mmoja, wakashiba maziwa yake si mara moja wala mbili, ni ndugu kama waliotoka tumbo moja, na hawaoani. Shangazi aliketi chini palepale.

Mimi sikuketi. Nilianza kushuku. Niliona ni ajabu mtu kupotea miaka yote, kisha kuzuka wiki ya harusi na maneno ambayo mama yangu, aliye kaburini, hawezi kuyathibitisha wala kuyakanusha. Nikapeleleza. Nikajua kuwa Bi Mwanasiti ana mwana wa rika langu, kijana anayefanya kazi bandarini, jina lake Salimu. Na Salimu huyo nilikwisha kumwona kwa macho yangu akitoka uani kwa kina Rukia, anacheka, na mfuko wa maembe mkononi, kama mtu aliyetoka kwao. Hapo nikadhani nimeipata siri yote. Amtakia mwanawe Rukia! Sikumwuliza Salimu alikuwa akifanya nini uani mwa watu. Sikumwuliza Rukia, wala mama yake. Mwenye shaka haulizi, mwanangu. Huona kuuliza ni kumwamsha mwizi.

Badala yake nikavuka feri. Katika ofisi moja kisiwani alikuwako karani niliyesoma naye, nikamsihi anitafutie tarehe na mahali katika vitabu vya vizazi. Sikupaswa kuomba wala yeye hakupaswa kunipa, lakini nilimsumbua mpaka akachoka. Cheti changu kilisema Likoni. Cha Rukia, Likoni. Cha Salimu kilisema Kisauni, na kimetolewa huko huko. Nilikinakili nikatoka nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Mwanamke aliyejifungua Kisauni angewezaje kumnyonyesha mtoto wa Likoni?

Wazee wa pande mbili walikutana nyumbani kwa mjomba wangu, Mzee Bakari, ndugu wa mama. Wanaume sebuleni, kina mama chumba cha ndani, pazia katikati. Bi Mwanasiti akarudia maneno yake nyuma ya pazia kwa sauti ya upole. Alipomaliza nikasimama na karatasi yangu.

"Mama huyu," nikasema, "alikuwa Kisauni mwanawe alipozaliwa. Serikali imeandika. Basi labda atueleze, maziwa yake yalivuka daraja yakavuka na feri, yakanijia mimi Likoni yenyewe?"

Vijana wenzangu waliangua kicheko. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

"Mwanangu," akasema yule mama, "cheti hicho tulikitafuta Salimu alipotaka kuanza shule. Tulikuwa tumekwisha kuhamia Kisauni kwa kazi ya babake. Karani aliandika tulipokuwa, hakuuliza tulipotoka."

"Maneno hayana muhuri, bibi."

Sikumwita mama. Nilimwita bibi, kama mtu anayemfukuza mchuuzi mlangoni.

Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Aliitazama karatasi bila kuigusa, kisha akaniambia, "Athumani, hebu sema lililo moyoni mbele ya watu. Huyu mama wamdhania nini?"

"Amtaka Rukia kwa ajili ya Salimu."

"Sawa. Naye adai kuwa amemnyonyesha Rukia. Akiwa amemnyonyesha, Rukia ni nani kwa Salimu?"

Nikaanza kuikunja karatasi yangu.

"Jibu, msomi wetu."

"Dada yake."

"Salimu atamwoa dada yake?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Maneno yale yale niliyodhani ni mtego wa kunipokonya mchumba yalikuwa yamemfungia mwanawe mlango kabla ya kunifungia mimi. Mtu mwongo angetafuta uongo wenye faida. Ndipo mama yake Rukia aliposema nyuma ya pazia kuwa kwa upande wa bintiye jambo hilo alilijua siku zote, na Salimu huingia kwake kama mwanawe. Lisilojulikana kwake ni kuwa na mimi nilinyonya ziwa hilo hilo. Akatumwa mtu kwa mkunga wangu, ajuza asiyetoka nje tena. Akasema ndiyo, na akakumbuka hata mto ambao Bi Mwanasiti alikuwa akiegemea akininyonyesha.

Posa ikavunjwa. Ninalotaka ulisikie ni lililofuata. Mjomba aliinua pazia ili nimwombe radhi yule mama. Alikuwa amekwisha kujitanda buibui lake akaenda. Mjomba akaniambia, "Mfuate." Nikasema nitakwenda kesho. Kesho nikaona haya. Wiki iliyofuata nikaona haya zaidi kwa sababu ya ile wiki iliyopita. Haya hiyo iliishi nami mpaka nikaoa mke mwingine na kuzaa. Aliye Kisauni hayuko mbali na Likoni, mwanangu, lakini mimi nilipafanya mbali.

Kisha siku moja tukapata habari kuwa Bi Mwanasiti amefariki. Nilikwenda mazikoni nikasimama nyuma kabisa ya watu, nikitumai hakuna atakayenijua. Jeneza likafika kaburini, guo likatandwa juu ili maiti wa kike asionekane, na mtu akaita, "Maharimu wa marehemu washuke," yaani wanaume walioharamishwa kumwoa, na mwana wa kunyonya ni mmoja wao.

Salimu akashuka. Alikuwa peke yake mle ndani, hana ndugu wa kiume wa kumsaidia. Akainua kichwa, macho yake yakazunguka juu ya watu wote mpaka yakanifikia nilikojificha.

"Athumani! Shuka, ndugu yangu. Tumlaze mama yetu."

Watu wakanifungulia njia. Nikavua viatu, nikashuka. Mikono hii ndiyo iliyompokea, na ndiyo iliyoshika ile karatasi. Radhi niliyoshindwa kuiomba nikaiomba mle kaburini kimyakimya, na sijui hadi leo kama ilipokewa.

Hayo ndiyo niliyomwambia Mwanaidi. Akaniuliza Rukia yuko wapi. Nikamwambia, si yule bibi wa Mikindani ajaye kila Idi, akikaa nami huuvua mtandio kama dada mbele ya kaka yake, akalalamikia magoti yake? Mtoto akashika kichwa. Hata huyo hayumo katika karatasi zake.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii. Tafuta asili yako. Vuka feri, panda ngazi za ofisi, lipia nakala. Lakini karatasi hujibu lile tu ambalo karani aliuliza siku ile, na karani haulizi ni nani alimlisha mtoto mama yake alipougua. Kwa hiyo anza na wazee walio hai, na kwanza kina mama, kabla hawajatuondokea. Ukishuku mtu, mwulize usoni mwake kabla ya kumtafutia ushahidi kisogoni, na ujiulize pia maneno yake yanamfaidi nini. Na ukimkosea mtu, mfuate siku hiyo hiyo, buibui lake likiwa bado laonekana njiani.

Mungu akupe ukoo mpana kuliko faili lako, akufungue ulimi wa kuuliza na miguu ya kufuata, na siku ya kulazwa kwako pasikose mtu wa kushuka. Haya, leo ni Ijumaa tena; mpelekee babu yako Salimu chai barazani, imeanza kupoa.