Sanduku Lililopata Joto

Siku ya kwanza nilivuliwa viatu. Sajenti aliyesimamia bohari ya risasi, mtu wa bara mwenye sauti ya chini, aliona misumari kwenye soli, akanipa vya mpira. Kiberiti na saa vikabaki langoni.

"Bakari, humu ndani cheche moja yatutosha sote," akaniambia.

Mimi nilikuwa raia, si askari, nimetoka kwetu Timbwani. Kazi yetu ilikuwa kuyatunza makombora yasiharibike: kupima joto na unyevu asubuhi na jioni, kufuta kutu, kupaka grisi, kutenga yaliyopitwa na muda. Hewa ya chumvi hula chuma upesi, kwa hivyo masanduku tuliyaweka juu ya mbao, upepo upite chini. Kuburura ilikuwa marufuku. Ulibeba kama umbebavyo mtoto aliyelala.

Msimu mmoja wa joto kali nilishika sanduku la fataki za ishara, zile zinazorushwa angani meli ikiomba msaada. Lilikuwa limeingia maji, na mbao zake zilikuwa na joto kuliko kiganja changu; fataki zikilowa huweza kujipasha moto zenyewe mpaka zikawaka. Nikaita.

"Nani mwengine amelishika?" Sajenti akauliza.

"Mimi tu, afande."

"Watoe wenzako. Nawe utoke."

"Ni zito, afande. Tulibebe wawili."

"Mkeo amejifungua juzi. Toka, Bakari."

Akalibeba peke yake hadi kwenye shimo la mchanga, polepole, akilisemesha kwa lugha ya kwao. Alikuwa ndiyo kwanza amejificha nyuma ya ukuta moshi ulipofuka, kisha moto mwekundu ukaruka juu. Hakuna aliyeumia. Lakini alipokaa chini, kikombe kilimponyoka mara mbili. Nilimnywesha maji mimi.

Alipostaafu nilikwisha kuhamishiwa bohari ya vipuri. Wakanirudisha nishike nafasi yake, nikaishika mpaka nami nikastaafu. Vijana huniuliza tulifanya nini miaka yote hiyo. Tulifanya bidii pasitokee jambo.

Nyumbani nilisema napaka rangi masanduku, watu wangu wasikose usingizi. Nilipostaafu nikamketisha mke wangu, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akichambua mchicha.

"Nalijua zamani, Baba Zuhura," akasema. "Kwani mpaka rangi gani amwombaye mkewe radhi kila asubuhi?"