Maneno Yake Kinywani mwa Mheshimiwa

Mume wangu alikuwa mtu wa chama. Hakuwa mheshimiwa. Alikuwa yule anayekaa nyuma ya mheshimiwa na kumwambia aende wapi, aseme nini na anyamaze lini. Kila Alhamisi alikuwa na makala yake gazetini, na katika makala hayo chama chake hakikuwahi kukosea. Tulihamia Kitengela miaka ya tisini, nyumba zikiwa bado chache na pundamilia wakipita nyuma ya choo chetu.

Mimi niliishia darasa la saba, na kwa sababu hiyo alinifanya kipimo chake. Jumapili tukitoka kanisani nilikaa jikoni nikichagua maharagwe, naye alinisomea hotuba aliyomwandikia mheshimiwa. Mikono yangu ikisimama, sentensi inabaki. Mikono ikiendelea, anaikata.

"Hiyo umeielewa?"

"Nimeielewa, lakini ni ndefu. Mtu wa soko la Kajiado atakuacha njiani."

"Basi naikata."

Halafu alichora vistari mahali mheshimiwa anapaswa kuvuta pumzi. Alivijua vizuri kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyoongea: maneno machache, kimya, kisha yale mazito.

Kura yangu sikuwahi kukipa chama chake. Hakuniuliza, na nafikiri alijua.

Tuligombana juu ya kitu kimoja tu, nacho ni matanga. Yeye ndiye aliyemfundisha mheshimiwa asikose mazishi yoyote, yawe ya Mmaasai kule Kimuka au ya Mkikuyu hapa Kitengela. Afike jeneza likiwa tayari nje. Aanze na mama wa marehemu, asalimie kwa Kimaasai, aingie kwenye shida ya maji, kisha chama. Hotuba ilikuwa moja, jina la marehemu tu ndilo lililobadilika.

"Mnanyang'anya watu maiti wao," nilimwambia.

Akacheka. "Mama watoto, nionyeshe mkutano mwingine ambao watu hawaondoki katikati."

Aliugua wiki tatu, akafa miezi michache kabla ya uchaguzi. Mimi na shemeji yangu, ndugu yake mkubwa, tulikubaliana kwamba katika matanga yake siasa haitaingia. Mheshimiwa angesalimia na kuketi. Shemeji mwenyewe angesimama karibu na kipaza sauti, tayari kumkatiza.

Mheshimiwa alikuja, jeneza likiwa nje. Akavua kofia.

"Sikuja hapa kama kiongozi," alisema. Akanyamaza. "Nimekuja kama mtoto wa mama aliyewahi kuzika."

Nilishika ukingo wa kiti. Sentensi hiyo ilisomwa jikoni kwangu. Na kile kimya cha katikati kilikuwa cha mume wangu, urefu ule ule. Nilifumba macho nikamsikia.

Shemeji akainama sikioni mwangu. "Nimkatize? Amemaliza kusalimia."

"Ngoja kidogo."

Mheshimiwa akaingia kwenye maji.

"Shemeji, sasa anaenda kwa kura! Si tulikubaliana?"

"Mwache amalize."

"Wewe ndiye umesema amalize? Wewe?"

"Ni mimi."

Akarudi nyuma, uso umebadilika. Padre aliangalia saa. Watu walinung'unika, na mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba hata marehemu angechoka. Mimi sikuchoka. Aliyekuwa akiongea hata sikumjali. Nilitaka tu asifike mwisho, kwa sababu nilijua mwisho una sentensi ngapi.

Jioni dada za mume wangu hawakunipunguzia. "Umemwuzia mheshimiwa matanga ya ndugu yetu," mmoja alisema mbele ya wageni. Ningemwambia nini? Kwamba nilichotaka sana siku ile ni kumsikia mume wangu, na nikamsikia?

Baada ya hapo nilimfuata mheshimiwa. Naandika haya kwa aibu. Nilienda mikutano ya Kajiado, ya Isinya, na matanga mawili ya watu nisiowajua. Nilikaa na wafiwa, nikapewa chai, nikaulizwa marehemu alikuwa nani kwangu, nami nikasema tulifahamiana. Nililia machozi ya kweli, ila hayakuwa ya marehemu wao.

Uchaguzi ulipita, mheshimiwa akarudi bungeni. Siku moja nilienda kumsikiliza Kajiado, uwanjani karibu na soko. Alifungua karatasi mpya. Maneno yalikuwa marefu, mengine ya Kiingereza, na aliyasoma moja kwa moja kama mtu anayekimbizwa. Nilisubiri kile kimya. Nilisubiri mpaka akaketi.

"Huyu amepata mwandishi mwingine," mama aliyekaa kando yangu alisema. "Yule wa kwanza alijua kuongea."

"Alijua," nikasema.

"Ulimjua?"

"Alikuwa mume wangu."

Akanishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa pole nami nikaipokea.

Makala ya Alhamisi bado ninayo, nimeyapanga kwenye sanduku chini ya kitanda. Mengi sikubaliani nayo hadi leo. Wakati mwingine nafunga mlango na kuyasoma kwa sauti, polepole, nikijaribu kunyamaza pale ambapo yeye angenyamaza. Lakini makala ya gazetini hayana vile vistari vya hotuba, na kila nikisoma ninayesikika ni mimi.