Karatasi Zilizonukia Machungwa

Jana nilimenya chungwa kwa meno, mkono mmoja umeshika kitambaa cheupe na mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Haifai, najua. Lakini ile harufu kali ya ganda iliponirukia puani, nilijikuta nina miaka kumi na mmoja, nimekaa kwenye dawati huko Matisi, mjini Kitale, nikingoja karatasi yangu ya hesabu huku moyo ukidunda kama mtu anayetwanga.

Acha nikuambie ukweli: mimi ni mtu wa wasiwasi. Mshono ukipinda kidogo tu, naufumua wote. Labda nilizaliwa hivyo, au labda niliokota tabia hiyo Bungoma, katika shule yangu ya kwanza. Huko tulifanya mtihani, tukausahau, na karatasi zilirudi wakati muhula unaelekea kuisha, zikinuka vumbi la kabati na dawa ya panya. Juu kulikuwa na alama kwa wino mwekundu, na chini mikasi mitupu, yaani zile alama za X za kukosa. Kufikia hapo hata swali lenyewe hulikumbuki. Nilichojifunza ni kwamba mkasi unauma, lakini nafasi tupu haiumi sana. Basi nisipokuwa na uhakika, niliacha wazi. Nilikuwa hodari wa kuacha wazi.

Baba alipohamishia Kitale duka lake la vipuri vya baiskeli, mwalimu mkuu wa shule mpya alitazama ripoti yangu akakuna kidevu. Angenipokea darasa la sita kwa majaribio. Nisipopata nusu ya alama za hesabu katikati ya muhula, nirudi la tano. Na la tano ndiko alikokuwa mdogo wangu Wafula, ambaye hakuiacha nafasi hiyo ipite.

"Dada, kiti chako nishapanguza," aliniambia kila jioni tukila. "Ni karibu na dirisha, bana. Hesabu zikikushinda si nitakuonyesha?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilisukuma sahani yangu ya ugali kando.

Hesabu tulifundishwa na Madam Njeri, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mumewe aliuza machungwa sokoni, aliyoyatoa Lwakhakha mpakani, kwa hivyo mkoba wa Madam haukuyakosa. Kila Jumanne asubuhi alitupa jaribio fupi. Kengele ya chakula ikilia, walimu wengine walielekea jikoni kula githeri ya mahindi na maharagwe. Yeye alibaki na karatasi zetu, penseli na machungwa. Tuliporudi darasani tukijipangusa midomo, karatasi zilikuwa zimeshawekwa juu ya madawati, zinanukia, nyingine zina doa bichi la maji ya chungwa. Maswali yenyewe yalikuwa bado moto vichwani mwetu.

Hakuweka mkasi hata siku moja. Aliweka nukta ndogo pale pale ulipopotea njia, na maneno machache kando yake. Kisha alikuacha urekebishe.

Karatasi yangu ya kwanza haikuwa na nukta. Nusu yake ilikuwa tupu.

"Nekesa, kuja hapa. Sasa hapa nitasahihisha nini? Hewa?"

Darasa likaangua kicheko.

"Sikuwa na uhakika, Madam."

"Kwani nilikuuliza uhakika? Si nilikuuliza jibu?" Alinisogezea penseli, na kipande cha chungwa. "Nipe kosa, mama. Moja tu, lenye nyama. Hilo naweza kulifanyia kazi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba kosa. Swali lilisema mkulima alivuna magunia sita ya mahindi, akauza theluthi mbili; alibaki na mangapi? Niliandika manne. Madam Njeri aliweka nukta hapo hapo, nikimwona.

"Hesabu yako ni safi kabisa. Lakini hayo ni yale aliyouza. Mimi nimeuliza yaliyobaki."

"Mawili!" nilipiga kelele, hata mkono sijainua.

"Ehe! Ulikuwa umefika mlangoni, ni kuingia tu ulikataa."

Nilirudi kwenye dawati langu vidole vikinata, nikitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Tangu siku hiyo nilianza kuzingoja Jumanne. Nilizipenda nukta. Kila moja ilikuwa mahali ambapo mtu alikuwa amesimama na mimi.

Mtihani wa katikati ya muhula ulipofika, nilijibu maswali yote. Mengine niliyajibu nimefumba jicho moja. Mchana huo karatasi ilirudi imejaa nukta kama sisimizi waliovamia sukari, na juu yake alama thelathini na mbili kwa hamsini. Nilikimbia mpaka dirisha la darasa la tano, nikaibandika kwenye kioo.

"Wafula! Kile kiti mpe mwingine!"

Alisogea, akasoma kwa makini. "Lakini ni makosa mengi, dada!"

"Na yote ni yangu!"

Nikaondoka nikirukaruka.

Sasa nashona nguo. Sikusomea mahali popote. Nimejifundisha kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia. Jana bi harusi mmoja alikuwa anakuja mchana kujaribu gauni lake, na nilitaka alivae wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Ndiyo maana sikuondoka kwenda kula. Ndiyo maana nilikuwa na chungwa.

Nilikuwa natema kokwa nilipoelewa, miaka yote hii imepita. Sisi tulidhani Madam Njeri anapenda sana machungwa. Kumbe kile kilikuwa chakula chake cha mchana. Githeri yake ilipoa jikoni kila Jumanne, ili sisi tusingoje mpaka kesho.

Bi harusi alifika, akavaa, akageuka mbele ya kioo. Bega la kushoto lilikuwa limekunjika. Zamani ningetamani ardhi inimeze.

"Fundi," alisema akinusa mkono wa gauni, "ati hii nguo inanukia machungwa?"

"Simama hivyo hivyo, dadangu," nilimwambia. Nikachukua chaki, nikaweka nukta.