Gauni la Mjakaranda

Mama yangu ni fundi cherehani, na kwa wivu hana mpinzani. Usimsifie mwanamke mwingine mbele yake, hata kwa kitambaa cha meza. Basi ng'ambo ya uzio wetu anaishi Shangazi, dada yake Baba, na Shangazi ana mjakaranda. Ulipoanza kuchanua zambarau tupu, Baba akawa kila akitoka karakana anapitiliza kwetu na kwenda kukaa chini yake.

"Kwa dada kunapendeza," alisema, bila kujua anajichimbia kaburi.

Mama akatafuta mche wake. Huku kwetu, msimu wa baridi ukifika, umande huganda ukawa sakitu, na sakitu huyaunguza majani ya mjakaranda mchanga. Shangazi aliwahi kuulea wake kwa gunia kuukuu lililotandazwa juu ya vijiti. Mama alilicheka gunia lile miaka yote. Yeye akachukua futi, akaupima mche mabega na kiuno, akaushonea gauni la blanketi lililoubana barabara, lenye vifungo mgongoni. Majirani wakaja kulitazama, naye akavimba kichwa.

Asubuhi ya sakitu ya kwanza alifungua vifungo. Majani yote yaliyogusana na kitambaa yalikuwa meusi. Aliingia ndani akakaa kwenye cherehani bila kushona kitu.

Shangazi akaja, tena kwa upole, jambo lililomuudhi Mama zaidi.

"Wifi, nguo isiguse majani. Ipwaye, ifike chini, ishike joto la udongo."

"Ipwaye?" Mama hajawahi kumshonea mtu nguo inayopwaya.

"Kama hema."

Mama alimchukia kwa kusema kweli. Lakini hema alilishona.

Mti ukachipua tena, ukakua, na mwaka nilioolewa ukachanua. Mama akafagia chini yake, akaweka kiti, akajipaka wanja. Baba akatoka kazini, akapitiliza.

"Si nimekuoteshea mti?" Mama alimuuliza juu ya uzio.

"Mke wangu, ukikaa chini yake huuoni. Huku nauona wote."

Na kweli alikuwa ameugeukia mti wetu, mgongo amempa dada yake. Mama akabeba kiti, akazunguka getini, akakisukumiza katikati ya wale ndugu wawili.

"Sogea, wifi," alisema, akakaa.