Gauni la Madam na Kiarabu Changu cha Nakuru

Kwenye ofisi ya wakala wa kazi za Uarabuni kule Nairobi, dada mmoja aliniuliza kama najua Kiarabu. Nikajibu bila haya kwamba mtu wa Kiswahili hahitaji kufundishwa Kiarabu, ni maneno yale yale. Nikamtajia kitabu, samaki na sabuni. Dada akaandika "anajua," nami nikatoka pale kichwa kimenivimba.

Jeddah nilipelekwa mtaa wa Al-Hamra, kufanya kazi za ndani kwa familia yenye vyumba vingi hata wiki ya kwanza nilipotea nikitafuta jikoni. Madam aliongea haraka. Nilidaka neno moja kati ya kumi, na yaliyobaki nikayaitikia "aywa," ndiyo yao. Akiagiza kitu, nilileta vitatu achague mwenyewe.

Kisha ikaja harusi ya binamu yake, Riyadh. Madam akanifuata chumba cha kufulia na gauni la hariri, shanga kifua kizima, dada yake yuko nyuma. Akanyoosha kidole kwenye pasi, akauliza jambo. Safari hii nilielewa: nitaweza?

"Rahisi, madam!"

Akakunja uso. "Rahisi?"

"Rahisi sana!" Nikalipapasa gauni na kurudia mara ya tatu, nikitabasamu kama muuza duka.

Dada yake akaziba mdomo. Madam akaninyang'anya gauni. "Halas!" yaani basi, yamekwisha. Akaondoka.

Hakunisemesha siku mbili. Nilijua narudishwa kwa wakala, nikaanza kupanga nitakachomwambia mama nyumbani Nakuru.

Wao walienda Riyadh kwa ndege. Mimi na masanduku tukaenda kwa gari na dereva, mzee wa Kizanzibari aliyekaa Saudia miaka mingi. Njiani nikamweleza yaliyonipata. Alilazimika kuegesha gari pembeni ili acheke vizuri.

"Mwanangu, kwao rahisi ni kitu cha bei ya chini. Umemwambia bibi wa watu gauni lake la harusi ni la kutupwa."

"Mara tatu, mzee."

"Na ulikuwa ukitabasamu?"

"Sana."

Akafuta machozi, akanifundisha neno lao la kazi isiyo ngumu, sahli, na la kukanusha, mafi. Njia nzima ya jangwani niliyatamka kama mtoto wa chekechea.

Tulipofika nikamkuta madam sebuleni kwa mama yake, katikati ya shangazi zake na vikombe vya kahawa. Ningengoja awe peke yake, lakini niliogopa maneno yatanitoka kichwani. Nikasimama mbele yao wote.

"Madam! Pasi sahli! Gauni mafi rahisi!"

Dada yake akawasimulia wenzake yaliyotokea Jeddah, na mama mtu ndiye aliyecheka wa kwanza, kahawa ikammwagikia. Madam alijikaza, alijikaza, mwishowe mabega yakaanza kumtikisika. Akainuka mwenyewe kwenda kuniletea gauni.

Nililipiga pasi kwa ndani, taulo chini, karibu saa nzima, nikibana pumzi kila nilipofika kwenye shanga. Halikuungua. Alilivaa, akapendeza.

Tangu siku hiyo hakunituma kitu tena bila kukionyesha kwanza kwa kidole na kungoja nikitaje kwa Kiarabu. Shangazi zake wakija Jeddah, huvuta viti wakae karibu wasikie Kiarabu changu.