Chumvi ya Majivu Iliyogeuka Maji

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, nikiwa kijana niliyepanga chumba mjini, mtaa wa Obunga, nilipofunua kopo la chumvi nikakuta maji.

Haikuwa chumvi ya dukani. Mama yangu aliitengeneza kijijini: alichoma maganda ya maharagwe, akachuja maji kwenye majivu yake, akayachemsha hadi zikabaki chembe nyeupe za kulainishia mboga ya mrenda. Chembe chache zilitosha; zikizidi, mboga huwa chungu. Mama alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Kopo lile lilikuwa la mwisho kutoka mkononi mwake.

Nikamgeukia mke wangu. "Akinyi, umemwagia maji chumvi ya mama?"

"Baba Ochieng, sijaigusa. Wewe ndiye unayefungua kopo kila jioni ukinusa."

Kweli, mwanangu unayenisikiliza, nililifungua kwa kumkosa mama, na kifuniko sikukikaza. Hata hivyo nilimwita Akinyi mwongo mbele ya majirani. Alimbeba mwanetu Ochieng mgongoni akaenda kwao.

Mama Auma, jirani yetu aliyeuza mboga sokoni Kondele, akachungulia kopo akacheka. "Wewe si ulimaliza kidato cha nne? Hawakukwambia hii hunywa unyevu wa hewa? Ya dukani huvumilia. Hii hulowa mpaka iwe maji. Bandika jikoni, itarudi. Halafu leo hii uende ukweni ukaombe msamaha."

Walinifundisha. Potasiamu kaboneti, hufyonza unyevu hewani: niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama. Nikabandika, maji yakakauka, chembe zikarudi nyeupe. Lakini ukweni sikuenda. Kwetu mume ndiye humfuata mke. Mimi nilisema atarudi mwenyewe. Nikangoja mavuno, nikangoja Krismasi. Nilipofika hatimaye, baba yake hakunikaribisha kiti.

"Umechelewa, Bwana. Ameolewa, ana kwake."

Ochieng wangu alikua akimwita mtu mwingine baba.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ya kopo yalizoleka. Maneno yangu, la. Leo napika mrenda wa mtu mmoja hapa Otonglo, na bado hubaki.

Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kabla hujamlaumu wa nyumbani mwako, chunguza. Ukikosea, nenda siku hiyo hiyo, maana aibu haipungui kwa kungojwa. Mungu akupe mtu wa kula naye, na akupe miguu myepesi ya kumfuata.