Mvua ya Gachoka Haikukoma 1989

Binti yangu Karwirwa hapigi kelele. Hilo alilirithi kwa baba yake, Mwalimu Njoka, si kwangu. Mwaka 1997 alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika mradi mmoja wa kilimo mjini Embu, akapewa kazi ya kuhamisha kumbukumbu za mvua, pamoja na programu ya kuzisoma, kutoka mashine ya zamani ya Unix hadi kompyuta mpya za Windows. Humo mlikuwa na mvua ya Gachoka, ambayo baba yake aliipima shuleni kila siku saa tatu asubuhi tangu 1978 hadi alipofariki 1994.

Kwenye Windows, mvua ya Gachoka ilikomea Machi 1989. Mkubwa wake, Bwana Mutembei, hakuuliza lolote. Aliandika katika ripoti ya kutolewa Ijumaa: "Mpimaji aliacha kazi."

Jumatano nikaingia ofisini kwake pamoja na Karwirwa, nimebeba kikapu cha madaftari ambamo marehemu aliandika mvua yake.

"Mama, mzee alichoka tu," akacheka. "Jua la Gachoka linachosha hata mbuzi. Na daftari mtu anaweza kujaza akiwa kitandani."

"Mume wangu alipima mvua akitetemeka kwa malaria. Wewe mvua huiona dirishani."

"Kompyuta haidanganyi, Mama."

"Faili ni kubwa vilevile kama kwenye Unix," Karwirwa akasema polepole. "Hakuna kilichopotea. Programu ndiyo inaacha kusoma njiani."

"Basi nionyeshe kabla ya Ijumaa."

Alitafuta siku mbili. Kumbe Machi 1989 karani aliyekuwa akiingiza vipimo kwenye kompyuta aligusa vitufe kimakosa, akaacha alama isiyoonekana. Unix iliipita kama alama nyingine yoyote. Windows iliposoma faili kama maandishi, iliichukua alama hiyo kuwa mwisho wa faili. Karwirwa akaiamuru programu isome kila kitu bila kukitafsiri. Ijumaa asubuhi miaka yote mitano iliyokosekana ikatokea, sawasawa na madaftari, siku kwa siku.

Mutembei akachukua kalamu na nakala moja ya ripoti iliyokwisha kuchapwa. "Sawa, nitaikata hiyo sentensi."

"Ikikatwa kwa kalamu bado itasomeka," nikamwambia. "Chapa upya."

"Nakala mia mbili, Mama? Kwa sababu ya mwalimu mmoja?"

Karwirwa aliinua rundo la kwanza la nakala hizo, akalitia kikapuni mwangu.

"Hiyo ni mali ya mradi!" Mutembei akafoka.

"Mami, hizi ni za kuwashia moto," binti yangu akasema kwa sauti yake ileile ya chini. "Shika huku, nikalete zilizobaki."